Mbwa wa Shamba na Watoto wa Nyumbani: Hukumu kwa Wakaao Milimani

 

Katika vijiji vya Lushoto, kuanzia Soni na Bumbuli hadi Mlalo na Mtae, liko swali ambalo hurudi kila mwaka mahindi yanapoanza kubeba. Mzazi husema: nina mbwa anayenilindia shamba, nina watoto wadogo wasiojua najisi wala twahara, nami ni mtu wa swala, nifanyeje? Wengi wa wanaouliza hivyo hujibiwa kwa neno moja, kwamba mbwa ni haramu, kisha msomeshaji hupita kwenye mlango mwingine wa kitabu. Jibu hilo ni fupi kuliko fiqhi yenyewe. Kufuga ni mlango wake, unajisi ni mlango wake, na haki ya mnyama pamoja na usalama wa mtoto ni mlango mwingine kabisa. Anayeichanganya milango hii huwatia watu uzito ambao sheria haikuutia, na papo hapo huwaachia hatari ambayo sheria imewataka waiondoe.

Tuanze na mahali penyewe. Historia ya utawala wa Usambara, kama ilivyoandikwa na Abdallah bin Hemedi l-Ajjemy katika Habari za Wakilindi, huanza na mwindaji na mbwa wake. Mbegha alitoka Nguu akiwa amefukuzwa na jamaa zake, akaingia milimani na mbwa wake wa kuwindia, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Wasambaa, na mwisho akafanywa mtawala wao pale Vuga. Hayo inakadiriwa kuwa ni ya karne ya 18, nao hawakuwa Waislamu, kwa hiyo hatuyaleti kama hoja ya kisheria. Tunayaleta ili msomaji ajue kuwa mbwa katika milima hii ana kazi ya zamani. Uislamu ulipopanda kutoka Pangani na Tanga pamoja na wafanyabiashara na waalimu, ulipanda na vitabu vya Shafi'i vilivyosomeshwa katika miji ya pwani. Mjini, kwenye vichochoro na nyumba zilizopakana, mbwa hana kazi. Ni mbwa koko tu wa jalalani. Milimani nyani, ngedere na nguruwe mwitu hutoka msituni na kumaliza shamba la mahindi kwa siku moja. Kitabu alichokuja nacho mwalimu kilikuwa na milango yote miwili, wa mbwa asiye na kazi na wa mbwa mwenye kazi. Lakini mlango uliosomeshwa sana ni ule wa kwanza.

Hukumu ya kufuga

Katika Suratul Maidah, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amehalalisha kula mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, na mbwa ni wa mwanzo kati yao. Lau kumfuga kungekuwa haramu moja kwa moja, aya hiyo isingekuwa na mahali pa kutumika. Ama Hadithi, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba anayefuga mbwa asiye wa kuwinda wala wa mifugo hupungukiwa kila siku na malipo ya amali zake kiasi cha qirati mbili. Katika riwaya ya Abu Hurayra (r.a.) imezidi ruhusa ya tatu, nayo ni mbwa wa shamba, na kilichotajwa humo ni qirati moja. Ibn Umar alipoelezwa ziada hiyo alimwombea Abu Hurayra rehema na kusema kuwa alikuwa mtu mwenye shamba. Wapo waliodhani kuwa maneno hayo ni ya kumtilia shaka. Imam Nawawi amelikataa hilo katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, na akaeleza maana yake: mwenye jambo hulihifadhi zaidi kuliko asiye nalo. Mkulima wa Lukozi na mvuvi wa Tanga wakisikia darsa moja kuhusu mbwa, mkulima ndiye atakayerudi nyumbani akiikumbuka ruhusa ya shamba.

Kwa hiyo mbwa wa kulinda mahindi, viazi au mbuzi amekuja katika matini yenyewe ya Hadithi, wala mwenye naye hahitaji kuona aibu mbele ya imamu wake. Ama mbwa wa kulinda nyumba pekee, hakutajwa. Wanazuoni wa madhehebu yetu wana kauli mbili juu yake, na iliyo sahihi zaidi kwa Nawawi ni kuruhusiwa kwa kuqisi na wale watatu, maana sababu ni moja, nayo ni haja. Vivyo hivyo mtoto wa mbwa anayelelewa ili afunzwe kazi hiyo. Kinachobaki nje ya ruhusa ni mbwa wa mapambo na wa kuchezewa, anayefugwa kwa kuwa anapendeza au kwa kuwaiga wengine.

Hapa ndipo watoto wanapoingia. Mbwa aliyeletwa kwa ajili ya shamba huwa baada ya mwezi mmoja ni rafiki wa watoto, kwani wao ndio wanaoshinda naye wazazi wakiwa kwenye matuta. Je, ruhusa imeondoka? Haijaondoka. Linaloangaliwa ni haja iliyomfanya afugwe na kazi anayoifanya. Mtoto kumpenda mnyama wa nyumbani kwao ni maumbile, na hakumgeuzi mbwa wa shamba kuwa mbwa wa mchezo.

Na jambo hili lilitokea katika nyumba iliyo bora kuliko nyumba zetu. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Jibrili (a.s.) alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa alimjia lakini hakuingia, na miongoni mwa yaliyomzuia ni mbwa aliyekuwamo nyumbani. Mbwa huyo alikuwa mtoto wa mbwa wa Hasan au Husein, yuko chini ya kitanda chao. Ikaamrishwa atolewe, akatolewa. Katika riwaya ya Muslim kutoka kwa Maimuna (r.a.), Mtume (s.a.w.) alichukua maji kwa mkono wake akanyunyizia mahali alipokuwa. Tazama, ndugu msomaji, yaliyofanyika: mnyama alitolewa nje na mahali pake pakashughulikiwa. Katika riwaya hiyo hatukukuta kwamba wajukuu walipigwa wala kukemewa.

Kuhusu malaika, Khattabi ameona kuwa wasioingia ni kwa sababu ya mbwa asiyeruhusiwa kufugwa. Nawawi ameipa nguvu kauli kwamba Hadithi ni ya kila mbwa, na kwamba waliokusudiwa ni malaika wa rehema, si wale wanaoandika amali, kwani hao hawamwachi mtu. Kauli yoyote kati ya hizo mbili ukiichukua, jambo la kufanya ni lile lile: mbwa wa shamba awe na kibanda chake, nje, mbali na mlango wa kulala. Baridi ya Juni na Julai hapa Lushoto, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, humfanya mnyama akimbilie jikoni kwenye joto la mafiga, na watoto humfungulia kwa huruma. Kibanda chenye paa na majani makavu humaliza tatizo hilo bila fimbo.

Najisi, na mipaka yake

Madhehebu ya Imam Shafi'i yanahesabu mbwa mzima, mate yake na mwili wake, kuwa najisi nzito. Imam Malik ameona yu twahara, na kuosha mara saba ni ibada ya kufuata amri. Kwa Abu Hanifa najisi ni mate, na si mwili. Tunalitaja hilo ili mwanafunzi ajue kuwa ni suala lenye hitilafu tangu zamani, asimtoe mwenzake katika dini kwa ajili yake. Ama watu wa huku ni Mashafi'i, na hukumu tunazozieleza ni za madhehebu yao.

Dalili ni Hadithi ya Abu Hurayra kwa Muslim: chombo alichotia mbwa ulimi huoshwa mara saba, ya kwanza kwa udongo. Watu wengi huishika hesabu hii wakaisahau mipaka yake. Najisi haihami kati ya kikavu na kikavu. Mtoto mwenye mkono mkavu aliyemshika mbwa mwenye manyoya makavu hakunajisika, na mama hana haja ya kumvua nguo wala kufua shuka. Unyevu ukiwepo upande mmoja, palipoguswa hapo tu ndipo panapooshwa, si mtoto mzima.

Na pasipo yakini hakuna najisi. Mbwa akiingiza kichwa ndani ya ndoo, kisha usijue kama aligusa maji, asili ya maji ni twahara, na hiyo ndiyo kauli sahihi zaidi hata kama mdomo wake ulitoka na unyevu. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba Umama, binti wa Zainab, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Wanazuoni wakatoa humo kwamba miili na nguo za watoto huchukuliwa kuwa twahara mpaka ithibiti kinyume chake. Baba anayemsukuma mwanawe asimkaribie akiwa kwenye mswala, kwa kuwa huenda leo alimgusa mbwa, ameiacha sunna hii akashika wasiwasi.

Ikithibiti, huoshwa. Kwanza huondolewa ile najisi yenyewe, kisha hukamilishwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa udongo twahara uliochanganywa na maji. Sabuni je? Katika Minhaj, Nawawi ameidhihirisha kauli kwamba udongo ndio unaotakiwa hasa, na kingine hakishiki mahali pake. Na hapa milimani udongo si shida. Wanafiqhi wameeleza kuwa maji ya mto Nili katika siku za kujaa kwake yanatosha kwa ajili ya tope lililomo ndani yake. Basi maji mekundu ya mito yetu wakati wa masika, ikiwa tope lake limeyakoroga, yana hukumu hiyo. Wamesema pia kwamba ardhi ya udongo haihitaji kutiwa udongo mwingine. Kwa hiyo sakafu ya udongo ya jiko, mbwa akiilamba, humiminiwa maji mara saba na kazi imekwisha. Sufuria iliyoachwa usiku bila kuoshwa ikalambwa ina saba zake, hata kama mbwa walikuwa wawili au alirudi mara kumi. Chakula kikavu, kama ugali ulioganda, huondolewa palipolambwa na pembezoni mwake, na kilichobaki ni halali. Maziwa na mchuzi humwagwa, au apewe huyo huyo mbwa.

Mtoto mdogo hana dhambi katika yote haya, kwani kalamu imeinuliwa kwake. Wajibu ni wa walii wake: kumzuia na madhara, kumwosha, na kumfundisha taratibu kadiri akili inavyokua. Kuna Hadithi ya Ibn Umar kwa Bukhari kwamba mbwa walikuwa wakipita msikitini zama za Mtume (s.a.w.), wala watu hawakuwa wakinyunyizia chochote. Maulamaa wetu wameifasiri kwa ukavu au kwa kutoonekana najisi, lakini inatosha kutuonyesha kuwa kizazi kile hakikuwa kikiishi katika hofu.

Mtoto aliyeng'atwa

Tumeirefusha habari ya najisi kwa makusudi, kwa sababu hofu yake ina mwisho mbaya ambao wengi hawauoni. Mtoto anayejua kwamba atachapwa kwa kumgusa mbwa ataficha alipong'atwa. Atavuta suruali juu ya mchubuko, atasema amechomwa na mwiba, na mzazi ataridhika. Na ugonjwa wa kichaa cha mbwa hausubiri ukweli ujulikane.

Ugonjwa huu huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa kupitia jeraha, hata dogo. Dalili zake mara nyingi hukawia miezi miwili au mitatu, na zikishadhihiri, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka duniani, takriban vyote kutokana na mbwa, na kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana wa miaka 9 aliyeng'atwa, imejulikana kwamba aliyeng'atwa huokolewa kwa chanjo akiwahiwa kabla ya dalili. Huu ni ugonjwa wenye dawa kabla, usio na dawa baada.

Basi akiletwa mtoto aliyeng'atwa au kuparurwa, jambo la kwanza si kuuliza kwa nini alimgusa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Mbwa asiuawe haraka wala kufukuzwa. Ikiwezekana afungwe na kuangaliwa siku 10, na afisa mifugo ajulishwe.

Hapa lipo suala la kifiqhi ambalo lazima liwe wazi kwa maimamu. Kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, baadhi ya watu husugua udongo ndani ya kidonda wakidhani wanatekeleza Hadithi. Hilo lisifanywe. Udongo katika jeraha bichi huweza kuleta pepopunda, na kanuni iliyo katika Hadithi ni kutodhuru wala kudhuriana. Mwenyezi Mungu pia ametukataza kujiua, katika Suratun Nisaa aya ya 29, na kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, katika Suratul Baqara aya ya 195. Wanafiqhi wamesema kiungo kikiwa chini ya maji yanayopita, kila mkondo mmoja huhesabiwa osho moja. Dakika 15 za maji yanayotiririka zimeshapita saba mara nyingi. Udongo utangoja mpaka jeraha lifunge, na utapakwa juu ya ngozi. Mwenye madhara huakhirishiwa lile linalomdhuru.

Kinga ya haya yote ni kumchanja mbwa mwenyewe, nasi tunaona kuwa kwa mwenye kufuga katika nchi yenye ugonjwa huu, kumchanja ni katika wajibu wa ulinzi wake juu ya watoto wake na jirani zake. Mfano tunao karibu. Kisiwa cha Pemba, ambacho takriban watu wake wote ni Waislamu, kilipatwa na kichaa cha mbwa. Mbwa wakachanjwa kwa wingi na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena, ukapigwa vita vile vile, na kufikia mwaka 2018 ukawa umeondolewa. Wapemba hawakubadilisha madhehebu ili kufanya hivyo. Waliwakamata mbwa wao, wakawapeleka kwenye sindano, wakaosha mikono kama kitabu kinavyosema. Imamu anayetangaza baada ya Ijumaa siku ya chanjo ya mifugo hajatoka nje ya kazi yake.

Ama kuua mbwa wote ovyo, hilo halimo. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuamrisha mbwa wauawe, kisha akakataza, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.). Imam al-Haramain amesema jambo liliishia kwenye kukatazwa kuua mbwa yeyote asiye na madhara. Anayeuawa ni yule mkali mwenye kudhuru, na mwenye kichaa ni wa kwanza wao.

Na mbwa asiye na madhara ana haki kwa aliyemfunga. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa khofu yake, akasamehewa, na ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfunga bila chakula. Katika mlango wa tayamamu, maulamaa wetu wameandika kuwa mtu mwenye maji machache na mnyama mwenye kuheshimika akiwa na kiu, hutayamamu na maji akampa mnyama, na mbwa wa kazi ni katika hao. Tunawajua watu wanaomfunga mbwa shambani mchana kutwa bila maji, kisha jioni huosha mikono mara saba. Wameshika nusu ya mlango. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili huo, lakini Mwislamu alikuwa ameshakatazwa kabla yake.

Limebaki suala la bei, ambalo huulizwa sana wakati wa kuzaa. Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, katika Hadithi ya Abu Mas'ud kwa Bukhari na Muslim, na kwa Imam Shafi'i kumuuza hakusihi hata kama ni wa kazi. Anayetaka mtoto wa mbwa kwa jirani yake apewe bure. Jirani asiporidhika kutoa bure, wanafiqhi wamejuzisha kumpa kitu ili aondoe mkono wake juu ya haki yake, bila maneno ya kuuza na kununua. Jogoo mmoja au pesa kidogo kwa nia hiyo hakuna ubaya. Ama anacholipwa afisa mifugo kwa kumchoma sindano ni ujira wa kazi yake na gharama ya dawa, si thamani ya mbwa, na hakiingii katika katazo hilo.